Jivu, magadi na kabalagala: niliyoyajaribu kwa mikono yangu

Dada uliyetoka Tanga juzi ukaolewa Kampala, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema simu imejaa mbinu za nyumbani ulizotumiwa na mashangazi na marafiki, hujui ipi ni kweli ipi ni porojo, na juu ya hapo unataka mapishi mepesi ya familia yasiyohitaji oveni. Nitakujibu kwa yale niliyoyafanya mwenyewe, pamoja na yale yaliyoniaibisha.

Mimi nimekulia kambi ya jeshi, Jinja. Baba alikuwa askari. Kambini kila mlango ulikuwa na kabila lake na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, kwa hiyo hata mbinu za jikoni zilipita mlango hadi mlango kwa Kiswahili: Mwacholi anamfundisha Mgisu, Mgisu anamfundisha Mnyankole, na mama yangu anazidaka zote. Nami nikazirithi zote. Shida ni kwamba mbinu ikihama nyumba, kuna kitu huachwa nyuma, na mara nyingi ni kile hasa kilichoifanya ifae.

Chukua jivu. Mama alikuwa na kopo la bati alilolitoboa matundu madogo chini kwa msumari. Anatia jivu, anamimina maji polepole, na chini yanadondoka maji yenye rangi ya chai isiyo na maziwa. Watu wa kaskazini hupikia maji hayo boo, yaani majani ya kunde, kisha wakatia odii, ule ufuta na karanga zilizosagwa pamoja. Mama alitia vijiko viwili kwenye sufuria ya maharage, na ngozi ya maharage ikalegea mapema, mkaa ukabaki. Si uchawi. Maji ya jivu ni makali kama magadi, na ukali huo ndio unaolainisha maganda.

Nilipoolewa nikahamia Bweyogerere, pembeni ya Kampala, nikafanya vilevile. Maharage yaliiva, lakini mchuzi ulinuka plastiki. Nikabadilisha vitunguu, nikabadilisha mafuta, harufu ileile. Jirani yangu alikuja kuazima kibiriti, akanusa, akauliza, "Sigiri yako unaiwasha na nini?" Nikaduwaa. Hapa mjini jiko la mkaa, sigiri kama tunavyoliita, wengi wetu tunaliwasha kwa kipande cha kaveera, mfuko wa plastiki. Jivu la mama lilikuwa la kuni na makapi ya maharage. Langu lilikuwa na plastiki iliyoungua. Nilimwaga sufuria nzima ya nambale, yale maharage makubwa yenye madoa mekundu, na kwa bei ya nambale nilikaribia kulia. Kwa hiyo mbinu ya jivu ni ya kweli, lakini ni ya kuni tupu. Mbao zenye rangi, takataka, mkaa uliowashwa kwa plastiki, usithubutu.

Basi nikahamia magadi ya dukani, ile soda ya mandazi. Inafanya kazi. Ila shangazi aliyekutumia ujumbe wa "kijiko kizima" anakupeleka kwenye maharage yenye ladha ya sabuni na yaliyopondeka kama uji. Robo kijiko cha chai kwa nusu kilo inatosha. Na ujue kuna unachopoteza: soda huharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage. Mimi siku hizi naitumia tu ninapopata maharage ya zamani, yaliyokaa stoo kwenye joto na unyevu mpaka yakawa magumu kama kokoto. Maharage mapya hayaitaki. Yaloweke usiku, mwaga maji, anza na maji mapya.

Soda hiyohiyo ilinifundisha somo la sufuria. Nilikuwa na sufuria ya alumini iliyoungulia wali, nikaona ushauri wa kuchemshia maji na magadi ndani yake. Ukoko wa wali ulibanduka vizuri kabisa. Nikafurahi. Nilipoimwaga, ndani ya sufuria kulikuwa kumegeuka rangi ya mvua inayokuja, kijivu cheusi kutoka chini mpaka usawa wa maji, na juu ya mstari huo alumini iking'aa kama kawaida. Ungeweza kuupima mstari kwa rula. Mama mkwe alikuwa anakuja Jumapili.

Ndipo dada mmoja muuza matunda aliponiambia nichemshie maganda ya limau. Nilijaza maji mpaka juu ya ule mstari, nikatupia maganda ya malimau manne niliyokwisha kuyakamua, nikaacha yachemke kama dakika kumi na tano. Weusi ukaondoka huku natazama. Baadaye ndiyo nikaelewa: magadi huifanya alumini kuwa nyeusi, uchachu huing'arisha. Aliyeandika ushauri wa kwanza bila shaka alikuwa na sufuria ya chuma cha pua. Hakusema, nami sikuuliza. Tangu siku hiyo, mtu akinipa mbinu swali langu la kwanza ni sufuria yake ya nini.

Kuhusu soda na siki kumwagwa pamoja kwenye sinki lililoziba, nimefanya mara tatu. Povu linapendeza kwa video. Lakini vitu hivyo viwili vikikutana vinauana nguvu, unabaki na maji yenye chumvichumvi na gesi iliyokwisha kupaa. Kilichozibua sinki langu ni maji ya moto, sabuni ya kuoshea vyombo na pampu ya mpira.

Sasa hapa naomba usikie vizuri, kwa sababu kwenye orodha yako nimeiona. Ile ya kuchanganya jiki na limau au siki "ili choo kiwe cheupe zaidi", usiifanye. Niliifanya bafuni kwangu, chumba kisicho na dirisha. Macho yaliwaka, kifua kikabana, nikatoka kwa magoti nikikohoa, mtoto ananiuliza mama unacheza nini. Jiki ikikutana na uchachu inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo ni sumu. Ikikutana na mkojo uliolala nayo inatoa gesi nyingine mbaya, kwa hiyo choo kimwagie maji mengi kwanza. Jiki na maji, basi.

Nyingine ya kufuta ni dawa ya meno juu ya mtu aliyeungua. Mwanangu wa pili aligusa sigiri akiwa na miaka mitatu, nami nikampaka dawa ya meno kama nilivyoona kambini. Kwenye kituo cha afya muuguzi ilibidi aanze kwa kuifuta ile dawa juu ya ngozi iliyoungua, na kile kilio bado nakisikia. Kinachotakiwa ni maji baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini. Kama bomba limekatika, jerikeni na kikombe, mimina polepole, usichoke. Na sigiri isilale ndani ya chumba mlimofungwa dirisha, hata ukiambiwa bakuli la maji pembeni linavuta hewa mbaya. Halivuti chochote.

Mbinu moja inayonishinda kuisifia vya kutosha ni kikapu. Nilitilia shaka mwezi mzima kabla ya kujaribu. Unachukua kikapu kikubwa, unakijaza majani makavu ya migomba pande zote na chini, unaacha shimo la sufuria katikati, na unashona mto wa matambara wa kufunikia juu. Maharage yaliyolowekwa unayachemsha kwenye sigiri kwa nguvu, mvuke juu, robo saa nzima. Hiyo robo saa usiikate, hasa kwa maharage mekundu, maana yakiivishwa kwa joto dogo tangu mwanzo yanaumiza tumbo vibaya. Kisha sufuria na kifuniko chake, haraka, ndani ya kikapu, mto juu, na hakuna kuchungulia. Baada ya saa tatu au nne nilifungua nikakuta yangali ya moto, laini, na mkaa niliotumia ni wa kuchemshia chai. Yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kuyaunga, kisha endelea na vitunguu vyako. Wali nao huiva humo. Siku ya kwanza nilifunua mara mbili kwa udadisi, maharage yakabaki nusu mabichi, watoto wakala posho, yaani ugali, na parachichi.

Mapishi sasa. Mchuzi wa karanga, binyebwa, utaukuta kila nyumba ya Buganda na lazima uujue, lakini ni mwepesi: karanga zilizosagwa, uzikoroge kwanza kwa maji baridi zisifanye mabonge, kitunguu, nyanya, chumvi, moto mdogo, mwiko usitoke mkononi mpaka mafuta yaelee juu. Unakula na matoke au viazi vitamu. Ushauri wangu hapo ni mmoja: nunua karanga nzima, zichambue mezani, zilizosinyaa au zenye ukungu tupa, kisha peleka zikasagwe ukiwa umesimama hapohapo. Sumu ya ukungu wa karanga haitoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha, na karanga iliyokwisha kusagwa haikuambii ilikuwaje.

Kabalagala ndiyo ninayotaka uanze nayo. Simaanishi mtaa wa Kabalagala, ule wa mabaa kwenye barabara ya Ggaba, huko mumeo atakupeleka mwenyewe au hatakupeleka. Nasema kitafunio. Ni ndizi na unga wa muhogo tu. Nilifundishwa na mama mkwe, mtu wa Masaka, na nilikosea mara tatu mbele yake.

Kosa la kwanza ni ndizi. Nilinunua bogoya, zile ndefu nene, kwa kuwa ni kubwa nikaona nitabana matumizi. Zina maji mno, unga ukawa unamezwa tu bila kushikana. Unataka ndiizi, zile fupi tamu ambazo Tanga nadhani mnaziita kisukari, na ziive kupita kiasi: ganda limepata madoa meusi, ukiishika inabonyea, muuzaji yuko tayari kukupunguzia bei. Menya kama kumi na tano, ponda kwa mkono mpaka ziwe kama uji mzito, bila bonge hata moja, kwa sababu bonge la ndizi likikutana na mafuta linaungua kabla ya wenzake.

Kosa la pili, maji. Unga wa muhogo ulipoonekana mkavu nikatia maji kidogo. Mama mkwe alinishika mkono. Hakuna maji. Unyevu wote unatoka kwenye ndizi, ndiyo maana ndizi lazima ziive vile. Chekecha unga, tia chumvi kidogo, kisha tia unga kwenye ndizi kidogokidogo huku unakanda. Usiniulize vikombe vingapi, ndizi za leo si za jana. Ukiona donge linaachia beseni na halikung'ang'anii vidoleni, simama. Ukizidisha utapata kokoto. Wengine hutia pilipili ya kusaga, na kwa chai ya asubuhi inafaa sana. Soda wengine hutia pia. Mimi niliacha, maana hufanya yawe meusi nje kabla ndani hakujaiva.

Sukuma donge unene wa nusu kidole, juu ya ubao ulionyunyiziwa unga wa muhogo. Kata kwa mdomo wa glasi. Hii ni kazi ya watoto, na wangu wanagombania glasi kuliko wanavyogombania rimoti.

Kosa la tatu lilikuwa mafuta. Sukari ya ndizi huungua upesi, na mimi nilikuwa nimezoea mafuta ya mandazi yanayofoka. Weka moto wa wastani, dondosha kipande kidogo cha donge: kikizama kikakaa kidogo ndipo kikapanda, hapo ndipo. Kikiruka juu papo hapo, punguza makaa. Geuza mara moja, toa yakiwa na rangi ya udongo mwekundu wa barabara zetu za vijijini, si zaidi, kwa maana yanaendelea kukolea hata yakiwa nje ya mafuta.

Yakitoka ni magumu kidogo kwa nje, usikate tamaa. Yafunike kwa kitambaa safi. Mama mkwe anasema ya kesho yake ndiyo matamu zaidi, laini na yenye kuvutika. Hilo tu ndilo sijalijaribu, kwa kuwa nyumbani kwangu hayajawahi kufika kesho.