Usiache kazi ya hoteli bado

Dada, umeuliza kama uache kazi ya mapokezi hotelini Malindi uje Nairobi kuanzisha kikundi cha maigizo. Mimi niko huku na fani naijua: kaa hapo kwanza.

Kinachowalisha wasanii wengi wa jukwaa hapa si tiketi za Jumamosi jioni. Ukumbi wa kitaifa wa maigizo, uliofunguliwa 1952, bado ni fahari yetu, lakini lipia ukumbi, taa na mabango, halafu waje watu thelathini (nusu yao binamu za waigizaji, wameingia bure), uone kitakachobaki. Riziki ya uhakika zaidi ni tamthilia teule za shule za upili. Kikundi kinazunguka kikiigiza kitabu kinachotahiniwa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, na kila mwanafunzi anachanga kidogo. Shule hizo ziko Kilifi na Mombasa pia! Omba tu ruhusa ya mwandishi au mchapishaji kwa maandishi.

Tena kalenda inakupendelea. Masika yakiingia, watalii hupungua na hoteli hupunguza zamu. Hapo ndipo mazoezi, kwa kuwa muhula wa pili wa shule unaanza karibu wakati huohuo.

Mkialikwa kutumbuiza wageni hotelini, nendeni, ila mtaombwa ngoma zilezile kila wiki. Chukueni hela, mnunue maleba, yaani mavazi ya jukwaani.

Jambo la pesa liandikwe mapema: nani anapata nini, na nani anashika simu ya M-Pesa. Vikundi vingi ninavyovijua vilivunjikia hapo.