Meli inaingia Mombasa, wakaguzi wanakuja: anzia chumba cha injini

Mkuu, umeuliza uanzie wapi, maana wewe ni injinia wa tatu, meli yenu inaingia Mombasa wiki ijayo na hujawahi kukutana na wakaguzi wa usalama na uchafuzi. Nimefanya kazi ya injini kwenye meli za mizigo za mwambao huu kwa miaka mingi, kwa hiyo najibu upande ninaoujua.

Wengi hukimbilia rangi na kufuta mafuta sakafuni. Fanyeni hivyo, lakini meli nyingi zinaponzwa na daftari kusema hili na mitambo kusema lile.

Kaa na daftari la kumbukumbu za mafuta, pembeni uweke vipimo vya matangi. Kama jana tangi la maji ya bilji, yaani maji machafu yenye mafuta yanayojikusanya chini ya chumba cha injini, lilikuwa na mita za ujazo 6 na leo zimo 4, zile 2 zimekwenda wapi? Ama zimepita kwenye separeta, mtambo unaotenganisha mafuta na maji, ama zimeshushwa bandarini na risiti ipo. Angalia na saa: separeta ya mita 1 kwa saa haiwezi kutoa mita 3 kwa saa moja. Mkaguzi anapiga hesabu hiyo palepale, mbele yako. Kila kazi isainiwe na ofisa aliyeisimamia, na kila ukurasa uliojaa usainiwe na nahodha. Daftari lililojaa hukaa melini miaka 3 tangu lilipoandikwa mara ya mwisho.

Kisha atakwambia uwashe separeta. Ujue kuonyesha kengele ikilia mafuta yakizidi sehemu 15 kwa milioni, na vali ikirudisha maji tangini badala ya kuyamwaga baharini. Nati za mabomba zilizochubuka rangi humfanya ashuku bomba la kuchepusha, yaani la kumwaga maji machafu baharini bila kupita kwenye separeta. Kama mlifungua kwa matengenezo halali, yawe yameandikwa.

Jenereta ya dharura lazima ibebe mzigo ndani ya sekunde 45. Pampu ya moto ya dharura na injini ya boti ya kuokolea ziwashwe leo, na awashe kijana wa zamu mwenyewe, kwa sababu anaweza kuambiwa yeye. Saa za mapumziko nazo, zisizopungua 10 kwa siku na 77 kwa wiki, hulinganishwa na daftari la injini. Huwezi kuwa umelala saa ile ile uliyosaini kupokea mafuta.

Kuna kitu kibovu? Mwambie chifu, yaani injinia mkuu, na nahodha sasa, ili nchi ya bendera ya meli na bandari zijulishwe kabla hamjafika. Tuliwahi kuharibikiwa pampu ya moto ya dharura njiani. Nahodha alitoa taarifa mapema, fundi akatusubiri gatini na kipuri, mkaguzi akaijaribu, tukaondoka. Kuficha ni hatari zaidi, kwani Kenya, Tanzania na Afrika Kusini zimo kwenye makubaliano yale yale ya ukaguzi ya Bahari ya Hindi: meli ikizuiliwa Mombasa, Dar na Durban watajua.

Hesabu za bilji zikikushinda, weka hapa ujazo wa tangi na uwezo wa separeta tuzipitie pamoja.