Darasa la Biblia la watu wazima: mlianza ishirini, mmebaki sita

Bwana asifiwe, mtumishi. Nimeusoma uzi wako mara mbili. Unasema kanisa lilikukabidhi darasa la Biblia la watu wazima, mkaanza watu ishirini, miezi mitano baadaye mmebaki sita, na unauliza uachie ngazi au ubadilishe kitabu cha mafundisho. Mimi naongoza darasa la namna hiyo mwaka wa tisa sasa, na mwaka wa kwanza yalinikuta hayo hayo. Usiache. Na sidhani kama tatizo ni kitabu.

Umeandika kwamba kila wiki unaandaa kurasa nane za maelezo. Hapo ndipo nilipojiona. Na mimi niliandaa somo kama mahubiri, utangulizi na pointi tatu, halafu dakika tano za mwisho nauliza, "Kuna mwenye swali?" Kimya. Tunaomba, tunatawanyika. Nikaamini kwamba watu hawana kiu ya Neno. Kumbe walikuwa wametoka kusikia mahubiri ibadani muda si mrefu, nami nawaongezea ya pili. Mtu mzima anayeamua mambo ya nyumba yake na kazi yake wiki nzima hawezi kuendelea kuja mahali ambapo haulizwi kitu.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja. Tulikuwa tunasoma kwa zamu kufuata viti, kila mtu mistari mitatu. Mama huyu hakukosa hata Jumapili moja, ila zamu ikibaki watu wawili kumfikia, anatoka nje. Leo maji, kesho simu. Ilinichukua miezi minne kuelewa kwamba hajui kusoma. Miezi minne utaratibu wangu ulikuwa unamtoa darasani, na mimi nilikuwa nimekaa palepale nauona mlango ukifunguliwa na kufungwa. Bado inaniuma.

Jumapili iliyofuata sikusema lolote la kumgusa. Nilitangaza tu kwamba kuanzia sasa anasoma aliyejitolea, anasoma kifungu chote kwa sauti mara mbili, na sisi wengine tunafunga Biblia tunasikiliza. Tulikuwa Marko sura ya 5. Yairo anaanguka miguuni pa Yesu kumwombea binti yake anayekufa, na njiani mwanamke mwenye kutokwa damu anakuja kwa nyuma na kugusa vazi lake. Usomaji wa pili ulipokwisha, yule mama akasema taratibu, "Huyu mwanamke ameugua miaka kumi na miwili. Na yule mtoto ana miaka kumi na miwili. Kwa hiyo mwaka ule nyumba ya Yairo inashangilia mtoto, mwenzao ndiyo kwanza anaanza kuumwa." Akanyamaza kidogo. "Na Yesu anamwita Binti. Yule mtoto ana baba wa kumsemea. Huyu hakuwa na mtu."

Nilikuwa nimekifundisha kifungu kile zaidi ya mara moja na sikuwahi kuliona jambo hilo. Liko wazi, mstari wa 25 na wa 42. Tuliobaki macho yetu yalizoea kukimbia juu ya karatasi; yeye maisha yake yote amelipokea Neno kwa masikio, na masikio yake yamenolewa. Baadaye niliposoma Ufunuo 1:3 nikaona kumbe ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo: "Heri asomaye na wao wayasikiao." Msomaji mmoja, wasikiaji wengi. Nehemia 8 ni hivyohivyo, torati inasomwa mbele ya watu, kisha wanaelezwa maana hata wakafahamu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na mkubwa: weka pembeni zile kurasa nane, fungua kitabu kimoja cha Biblia, mkisome kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mada kama ndoa, fedha au uponyaji zinavuta watu wiki mbili tatu, lakini mada humwachia mwalimu nafasi ya kuokota mstari huku na mstari kule mpaka upatikane ujumbe aliokuja nao kutoka nyumbani. Mkisoma kitabu kizima, kitabu chenyewe kinawarudisha njiani.

Mfano ni Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Karibu kila mtu darasani kwangu alikuwa anaujua kwa moyo, na hakuna aliyejua kwamba ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Tuliposoma sura nzima tukakuta mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko ugenini, na wa 10 unataja miaka sabini. Kaka mmoja aliyekuwa anausimamia mstari ule kwa habari ya kazi alikasirika, akaniambia namnyang'anya ahadi. Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na jibu zuri. Wiki mbili baadaye alirudi akasema sasa anausoma mstari wa 11 pamoja na wa 5, na kwamba ameacha kuishi kama mtu aliye kituoni na mizigo yake. Hayo aliyatoa mwenyewe. Ningeyasema mimi yangekuwa somo tu.

Anza na Marko, ana sura 16 na habari zake zinakwenda haraka. Ukiogopa urefu, chukueni Filemoni kwanza, ni mistari 25 tu na mtazungumza mwezi mzima. Usiruhusu wakushawishi kuanza na Ufunuo. Na usikate somo kwa kufuata sura. Mgawanyo wa sura ulikuja karne nyingi baada ya mitume, na namba za mistari za Agano Jipya tunazotumia ziliwekwa na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551. Marko 9:1, kwa mfano, ni mwisho wa maneno ya sura ya 8. Kata pale habari inapokwisha.

Maswali yako yawe ya kweli, yaani yale ambayo wewe mwenyewe hujui watajibu nini. "Nani anaogopa katika habari hii?" Kisha subiri. Hapa ndipo waongozaji wengi tunaposhindwa, tunajijibu wenyewe baada ya sekunde nne. Hesabu moyoni mpaka ishirini. Huwa anayeongea kwenye kumi na tano ndiye aliyekuwa na kitu.

Wenye tafsiri ya Biblia ya Muungano ya 1952 na wenye tafsiri ya Habari Njema waketi pamoja. Maneno yakitofautiana, msiharakishe kuamua nani yuko sahihi, kaeni hapo.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza. Watu wazima wakianza kuongea kwa kweli, yatatoka mambo ya nyumbani. Mwaka wa tatu, ndugu mmoja alituambia hali ya ndoa yake wakati wa maombi. Kabla ya Jumapili iliyofuata, watu ambao hawakuwepo walikuwa wanamwombea kwa jina. Hakurudi. Nilimfuata kwake kuomba radhi, akanipokea vizuri, akanikaribisha chai, lakini darasani hakurudi. Tangu hapo kila kipindi kinaanza kwa sentensi moja: linalosemwa hapa linabaki hapa, hata kwa njia ya maombi. Narudia kila wiki, hata wageni wasipokuwepo.

Kuhusu waliokuacha, wapigie mmoja mmoja. Usiulize kwa nini hawaji, maana watakujibu kwa adabu na hutapata kitu. Waambie mnaanza Marko Jumapili ijayo, mwulize kila mmoja kama yuko tayari kuja kusikiliza sura ya kwanza mpaka mstari wa 20 ikisomwa mara mbili. Na kabla hujawapa wale sita zamu ya kusoma, angalia nani anatoka nje.