Kumbe mama mdogo hakuwa Oman

SWALI
Dada shikamoo. Nina miaka 20, niko chuo mwaka wa pili, na napenda mno thrila za vijana, zile binti anasimulia mwenyewe halafu mwishoni unagundua kumbe kichwa chake hakikuwa sawa na nyumba nzima walikuwa wanajua. Niliangalia We Were Liars ile tamthilia, nikatafuta na kitabu, nikakimaliza siku mbili. Sasa bibi alipofariki ndo nikajua mama mdogo, ambaye miaka yote tunaambiwa yuko Oman anafanya kazi, kumbe yuko kijijini chumba cha uani, anaumwa akili, wanasema skizofrenia. Mama kanikataza nisimwambie mtu. Toka hapo kila nikisoma naona kama najisoma mimi, na mitihani ikikaribia usingizi hauji kabisa. Na mimi nitakuwa hivyo? Na nikitaka kuiandika hadithi yetu ni kosa?
Msomaji, Morogoro

JIBU
Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa msiba wa bibi.

Nianze na hiyo hofu maana ndo inakunyima usingizi. Skizofrenia inampata kama mtu 1 kwenye 100. Mwenye mzazi mgonjwa ni kama 10 kwenye 100, ila kwa mama mdogo inashuka, ni kama 3 hivi, maana yake 97 wanaishi maisha yao hawaipati. Kukosa usingizi kabla ya mitihani peke yake sio dalili, chuo kizima hamlali. Ila ukianza kusikia sauti wenzako hawazisikii, au unaamini kabisa watu wanakufuatilia, au unajifungia wiki nzima huogi huli, usisubiri, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uulizie kliniki ya afya ya akili na umwambie daktari kuhusu mama mdogo. Na bangi kaa nayo mbali kabisa, kwa mwenye ndugu wa damu anayeumwa inaongeza hatari, hili nakuomba sana.

Sasa vitabu. Hiyo We Were Liars ya E. Lockhart ilitoka 2014, na Cadence, yule binti anayesimulia, hana ugonjwa wa mama yako mdogo, yeye alipata ajali kisiwani akiwa na miaka 15 akapoteza kumbukumbu na kichwa kinamuuma vibaya. Lakini angalia wakubwa wanavyomfanyia, wote wanajua kilichotokea, yeye anaambiwa atakumbuka mwenyewe taratibu, huku anazunguka kwenye nyumba ambayo watu wanabadilisha mada akiingia. Mimi hapo ndo palinishika. Kinachomtesa ni kuumwa, sawa, ila na ule ukimya unamtesa, na nahisi hata wewe kilichokuumiza zaidi ni ile Oman.

Nikuambie ukweli thrila nyingi zinanikera, mgonjwa anafichwa mpaka kurasa za mwisho halafu anatokea na kisu. Huku nje wagonjwa wa akili wanapigwa na kufungwa kamba kuliko wao wanavyodhuru watu. Na hii sio ya leo, riwaya ya Kiingereza Jane Eyre ya mwaka 1847 ina Bertha, mke amefungiwa ghorofa ya tatu na mumewe anajifanya hana mke, tunamsikia anacheka na kuchoma moto nyumba, yeye mwenyewe hapewi hata sentensi moja ya kujieleza. Ikabidi tusubiri mpaka 1966 Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, aandike Wide Sargasso Sea tumuone huyohuyo akiwa mtoto Jamaica, ana mama, ana woga, ana watu anaowapenda. Kisome kabla hujaanza kuandika.

Mama yako usimhukumu haraka. Tunasema mficha maradhi kifo humuumbua, ila tunaisema kwa mwenye sukari na presha, akiugua akili tunasema karogwa, ana majini, na wachumba wa wadogo zake wanapotea. Inawezekana mama alikuwa anakulinda wewe. Mkae wawili, labda mkiwa jikoni, umuulize: ilianza lini, alipelekwa wapi, dawa anameza? Maana siku hizi kuna hadi sindano ya mara moja kwa mwezi, na kama yuko uani bila dawa yoyote basi hilo ndo la kushughulikia kwanza, kabla ya kitabu.

Kuandika sio kosa. Badilisha kijiji, badilisha kazi ya mama, na kama mama mdogo ana siku anazoongea vizuri muombe ruhusa yeye mwenyewe, watu wanasahau kwamba na yeye anaweza kukubali au kukataa. Ila asiwe ndo mshtuko wa sura ya mwisho, mlete ukurasa wa kwanza kabisa, siri iwe ni ile Oman, nani aliitunga, nani alikuwa anapokea simu na kudanganya majirani.

Kitu kingine, barua yako nimeisoma mara tatu, ya bibi unayasema, ya mama unayasema, ila mama mdogo sijui hata anapenda kula nini wala anacheka na nini. Likizo hii nenda ukakae naye.