Meza ya kuchambulia parachichi na makosa ya alasiri

Swali: Nasimamia banda la kufungashia parachichi hapa Rungwe. Wachambuaji husimama tangu saa 2 asubuhi kwenye meza za sentimeta 75. Ikifika saa 8 mchana, matunda yenye michubuko yanaanza kupenya hadi kwenye boksi za kilo 4, na wote wanalalamikia mgongo na mabega. Niliongeza bonasi, hali ni ile ile. Je, ni uzembe?

Jibu: Si uzembe, ndugu msimamizi. Sentimeta 75 ni kimo cha meza ya kukalia. Anayesimama hapo huinama kutwa. Misuli iliyokazwa bila kuachiwa hubana mishipa ya damu, uchovu unajaa, na macho nayo yanaacha kukagua. Bonasi haiwezi kuondoa hilo.

Mpime kila mmoja akiwa na viatu vya kazi, mkono umekunjwa pembe mraba, kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Viganja vifanye kazi sentimeta 5 hadi 10 chini ya hapo. Angalia: kinachopimwa ni mahali pa viganja, si ubao wa meza. Wengi huinua meza, kisha wanaweka juu yake kreti la sentimeta 30. Viganja vinafika kifuani na mabega yanaumia kuliko mwanzo. Kreti likae pembeni kwenye kistuli kifupi, limeinamishwa kumwelekea mchambuaji. Meza ipangwe kwa kimo cha mrefu kuliko wote. Wafupi wapewe majukwaa ya mbao, mapana kiasi cha kusogeza miguu. Mwezi wa 6 na wa 7 majukwaa hayo yatawaepusha pia na baridi ya saruji.

Makreti yasiokotwe sakafuni. Kanuni ya kuinua mizigo ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaanzia kilo 23 katika hali bora kabisa, lakini kreti likiwa chini, sentimeta 40 mbele ya mwili, na mtu akijipinda nyuzi 45, kikomo kinashuka chini ya kilo 10. Yainue juu ya chaga hadi usawa wa mapaja, na yajazwe nusu.

Zamu zibadilishwe kila baada ya saa moja au mbili, ila mtu ahamie kwenye mizani au kubandika lebo. Kuhama meza tu si mapumziko. Dakika 5 kila saa ziwepo, mbali na saa nzima ambayo sheria inamtaka mwajiri ampe anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Kama mnalipa kwa boksi, dakika hizo zilipiwe, la sivyo hakuna atakayepumzika.

Anza na meza moja. Kagua boksi 10 kila saa kwa wiki nzima kabla ya kuigusa, kisha wiki nyingine baada ya kuibadilisha, na ulinganishe hesabu za kuanzia saa 8.