Testi za haraka na za polepole zisilale chumba kimoja

Ukiingia kwenye timu ya Java ukakuta kila mtu anaandika `mvn install -DskipTests`, yaani kujenga mradi huku testi zikirukwa, usiwaite wavivu. Mradi ambao kila ukijengwa lazima Spring (fremu ya programu za Java) yote iamke na hifadhidata iwe hewani huchosha yeyote. Wakishazoea kuziruka, testi hizo hazina mwenyewe tena.

Dawa ni kuzitenga za haraka na za polepole, na Maven, zana ya kujenga miradi ya Java (ndiyo hiyo `mvn`), imeshakufanyia nusu ya kazi. Plagini ya Surefire huendesha testi kwenye hatua ya `test`, na huzichagua kwa jina la klasi: linaloanza na Test, au kuishia na Test, Tests au TestCase. Plagini ya pili, Failsafe, ni ya testi za muunganiko (integration test, kwa kifupi IT): hutafuta IT mwanzoni au mwishoni mwa jina, au ITCase mwishoni. Basi `MalipoTest` ni ya Surefire, `MalipoIT` ni ya Failsafe. Zote zinaweza kubaki `src/test/java`.

Ila Failsafe haiji yenyewe. Iandike kwenye `pom.xml`, faili la mipangilio ya Maven, na uipe malengo (goals) mawili, `integration-test` na `verify`. Hapo pa malengo mawili ndipo wengi huteleza. Lengo la kwanza huendesha testi, lakini hata zikifeli haliangushi bildi (ujenzi wa mradi). Linaandika matokeo tu na kupita. Limefanywa hivyo kwa makusudi: hatua inayofuata, `post-integration-test`, ndiyo ya kuzima seva iliyowashwa kwenye `pre-integration-test`. Bildi ikikatika katikati, seva ingebaki inazunguka na kushikilia poti, na bildi ijayo ingekwama hapo. Lengo la `verify` ndilo linalosoma matokeo na kuiangusha bildi. Ukilisahau, testi zitafeli na bado utasomewa BUILD SUCCESS. Kwa sababu hiyohiyo andika `mvn verify`, si `mvn integration-test`, maana hiyo ya pili husimama kabla ya usafi wa kuzima seva.

Ukishaweka, jaribu kuharibu: andika IT yenye `fail()` ndani. Bildi ikipita, bado hujamaliza.

Ipi iende wapi? Kipimo changu ni kikali kidogo. Ikigusa mtandao, diski au hifadhidata, au ikiwa na `@SpringBootTest`, inayoamsha Spring, iite IT. Wapo wanaoweka H2, hifadhidata ndogo ya kwenye kumbukumbu, na kuiita testi ya yuniti (ya kipande kimoja cha msimbo), mimi sikubali. Na kama uzalishaji unatumia PostgreSQL, H2 itakudanganya siku utakapotumia `jsonb`, aina ya data ya JSON ya PostgreSQL. Maktaba ya Testcontainers inakuwashia PostgreSQL halisi ndani ya kontena la Docker. Inachelewa, lakini kuchelewa huko ndiko tulikokutengea hatua yake.

Ukitaka haraka kwenye mashine yako, `mvn test` inatosha, au `-DskipITs`, ambayo huacha Surefire ifanye kazi. `-DskipTests` hunyamazisha zote mbili. Lebo za `@Tag` za JUnit 5, maktaba ya kuandikia testi, nazo hutenga vizuri, ila lebo iliyosahaulika haionekani upesi. Jina la faili mwenzako analiona anapokagua msimbo.

Wa Gradle, zana nyingine ya kujenga miradi, kwenu hakuna Failsafe. Tumieni plagini ya `jvm-test-suite`, testi zikae `src/integrationTest/java`, kisha mziunganishe na kazi ya `check` kwa mkono wenu, kwa sababu `check` haitaziendesha bila kuambiwa.