Jikoni na Anti: Mboga za msimu bila nyama, bila maziwa

Jamani salamu kwanza. Masika ndo inaishia, sokoni mboga bado za kumwaga, na maswali mengi ya mwezi huu yametoka kwa watu walioacha nyama, samaki, mayai na maziwa. Wengine walianza na Kwaresma wakanogewa, wengine wamesukumwa na bei ya nyama, wengine afya. Nimechagua machache niyajibu vizuri maana naona wengi mnahangaika na kitu kimoja, mnaitoa nyama kwenye sahani halafu pale ilipokuwa hamuweki kitu.

*Anti shikamoo. Tangu Pasaka sili nyama wala maziwa ila kusema ukweli chakula changu hakina ladha, mchicha na ugali kila siku, saa kumi jioni nishaanza kusikia njaa. Mume wangu analalamika kwamba namlisha majani. Nifanyeje? (Msomaji, Tabata)*

Marahaba mwanangu. Mumeo ana hoja, usimnunie. Mchicha na ugali peke yake haukai tumboni, lazima kuwe na kitu cha jamii ya kunde au karanga, yaani maharage, mbaazi, choroko, kunde, dengu, hivyo ndo vinabeba nafasi ya nyama, na mafuta kidogo ya nazi au karanga ndo yanaleta ule utamu unaoutafuta. Watu wa pwani wanakula mbaazi za nazi na maandazi asubuhi na hakuna anayeuliza nyama iko wapi.

Sasa wikiendi hii mpikie kisamvu. Nunua majani machanga, yale ya juu, twanga kwenye kinu na punje mbili tatu za kitunguu saumu mpaka yalainike kabisa, hata mashine ya sokoni sawa tu ila kinu ni kinu. Bandika na maji ya kutosha, acha wazi usifunike, yachemke si chini ya dakika 45, mimi huwa naenda hadi saa nzima. Hapa usifanye haraka hata kidogo, majani ya muhogo yana sumu ya sayanaidi na inatoka kwa kutwanga na kuchemsha, na utajua yameiva pale harufu ya ubichi ikiisha na rangi ikawa kijani cha giza. Ndo unaweka kitunguu, nyanya chungu ulizokata kati, na tui la pili lile jepesi, inatokota taratibu mpaka nyanya chungu zilainike. Tui zito linaingia mwisho, na likishaingia usiondoke jikoni kwenda kuchati, koroga huku unainua na upawa mpaka lichemke, ukiliacha litakatika utapata mafuta juu na maji chini. Chumvi, basi. Pembeni weka kunde za kuchemsha na ugali mdogo. Akimaliza sahani nadhani hiyo habari ya majani hutaisikia tena.

*Anti shkamoo, mimi bachela niko Dodoma, sasa hivi mboga bei poa ila kiangazi kikifika fungu linakuwa dogo na bei juu, naishia kula chipsi. Kuna namna? (Msomaji, Dodoma)*

Marahaba mwanangu, wewe uko Dodoma unaniuliza mimi habari ya kiangazi! Waulize bibi zetu wa Kigogo hapo hapo ulipo, mlenda wa kukausha ndo umewavusha miaka yote. Sasa hivi wakati majani ya kunde, matembele na mlenda ni rahisi nunua mengi, osha, yachovye kwenye maji yanayochemka dakika mbili hivi, chuja, tandaza kwenye chandarua safi na uanike kivulini penye upepo, sio juani, jua kali linaua vitamini na rangi. Yakivunjika ukiyafinya yako tayari, weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Mlenda saga uwe unga. Siku ya kupika unachemsha maji, unatia nyanya, unga wa mlenda, na karanga za kusaga, dakika chache umemaliza, na ugali wa mtama au uwele unashuka wenyewe. Magadi ukiweka weka chembe tu, yakizidi yanaharibu vitamini C.

Karanga zenyewe kuwa makini nazo. Chambua kwa mkono, zilizosinyaa, zenye ukungu, zenye uchungu tupa zote, na usijidanganye kwamba ukizikaanga sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu, itaisha, moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa huko huko Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya kwenye mahindi, kwa hiyo unga nao nunua kwa mtu unayemjua anahifadhi vizuri. Na kabla hujamwaga karanga kwenye sufuria zikoroge kwanza na maji ya vuguvugu kwenye bakuli, hazitafanya mabonge.

Halafu maboga. Boga zima likikaa pakavu linavumilia wiki nyingi bila friji, linafaa sana kwa bachela.

*Anti habari, kwetu mnafu tumezoea kuupika na maziwa, sasa nimeacha maziwa naona uchungu umezidi. (Msomaji, Moshi)*

Nzuri mama. Mnafu chemsha kwanza kidogo, mwaga yale maji ya kwanza, kamua. Kaanga kitunguu kingi kuliko unavyodhani kinatosha, kiwe cha kahawia, kinaleta utamu, ndo utie mnafu na karanga au tui zito. Kwangu mimi karanga ndo zinaua uchungu vizuri zaidi kuliko nazi. Kula na kiburu, ndizi na maharage vishakuwa humo humo, hutafuti kitu kingine.

*Anti, binti yangu wa miaka 14 amegoma kabisa nyama, samaki, mayai, hata maziwa. Bibi yake anasema ataishiwa damu. Nimlazimishe? (Mama, Mwanza)*

Usimlazimishe dada, ila bibi msikilize, wasiwasi wake una msingi hasa kwa binti aliyeshavunja ungo. Madini chuma ya kwenye mboga na maharage mwili unayachukua kwa shida kuliko ya kwenye nyama, kwa hiyo msaidie. Loweka maharage usiku kucha na umwage maji, kamulia limau kwenye mboga mezani, mpe chungwa au embe pamoja na chakula, na chai ya rangi isogezwe mbali, saa moja au zaidi baada ya kula, maana chai inazuia chuma. Hii ya chai naisisitiza, nyumba nyingi chakula na chai vinakwenda pamoja.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna mboga itakayompa, vitamini B12. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku na mimea haina, mtu asikudanganye na mlonge wala uyoga. Unga wa ngano wa viwandani unatakiwa kuongezwa virutubisho, soma pakiti, ila usitegemee chapati peke yake, mpeleke kituo cha afya wampime damu na wakuelekeze vidonge na kipimo cha umri wake. Akianza kuchoka choka, kizunguzungu au ganzi mikononi usisubiri.

Na mwingize jikoni. Mtoto aliyegoma nyama ajifunze kupika choroko za nazi mwenyewe, asiwe anakula wali mtupu na kachumbari.

*Anti mchicha wangu kila siku unaogelea kwenye maji, kwa nini? (Msomaji, Mbagala)*

Unauosha na kuukata ukiwa umelowa halafu unafunika sufuria. Osha kwanza, uchuje mpaka ukauke, ndo ukate. Sufuria pana, mafuta yapate moto, kitunguu, karoti ukipenda, mchicha wote, moto mkali, wazi, geuza geuza dakika mbili tatu, chumvi mwisho kabisa maana chumvi ya mapema ndo inatoa maji. Ukishanywea epua hapo hapo.